Kufuli la Kuruthumu

Kuruthumu binti Lukmani alikuwa na miaka kumi na tisa alipokaa na uchungu wa uzazi siku tatu katika kijiji kimoja cha juu ya Kasulu. Mtoto hakupona. Yeye alipona, lakini akabaki na fistula: mkojo ulimtoka wenyewe, akilala, akitembea, akicheka. Mumewe alimrudisha kwao kabla mwaka haujaisha. Kwa miaka minane Kuruthumu hakukaa kitako penye watu. Harusini na msibani alisimama nyuma, karibu na mlango, ili akiondoka asiache alama.

Sisi majirani zake wa mtaa wa Murubona, Kasulu mjini, tulijua, tukajifanya hatujui. Mwenyewe husema hilo lilimuuma kuliko maneno ya wale waliosema waziwazi. Kisha muuguzi mmoja akamwambia kwamba ugonjwa ule unatibika. Akasafiri, akapasuliwa, akapona. Alirudi na cherehani ya mkono aliyoinunua njiani, na tangu siku hiyo hajasimama nyuma ya watu popote.

Kwa cherehani ile alishona chupi zenye pedi ya pamba ndani na kitambaa kisichopitisha maji chini yake, za kufua na kuanika. Zilikuwa za wanawake ambao bado hawajapata upasuaji, au waliopata lakini haukushika, na wengine ambao umri tu umewafikisha hapo. Kwa nje aliweka kitenge cha maua. "Mgonjwa havai ugonjwa," alikuwa akisema.

Shida ilikuwa kuuza. Nani aingie dukani, sokoni Kasulu, watu wamejaa, aseme anataka nini? Walikuja, wakashika kanga, wakauliza bei, wakaondoka na macho yameangalia chini. Basi Kuruthumu akamlipa kijana mmoja aitwaye Abbasi, fundi wa tovuti mwenye ofisi karibu na stendi, amtengenezee duka la mtandaoni. Lilikuwa na picha, maelezo, na fomu ya kuagiza: jina, namba ya simu, saizi, basi lishushe mzigo wapi. Mwishoni palikuwa na nafasi kubwa iliyoandikwa, "Niambie lolote unalotaka."

Nafasi ile ndiyo iliyojaa. Waliandika wanawake wa Kakonko, wa Nyabibuye mpakani, wa Kibondo, wa Makere. Wengine hawakuagiza chochote. Walieleza tu jinsi mume alivyohamia chumba kingine, au jinsi walivyoacha kwenda kanisani. Kuruthumu alimjibu kila mmoja.

Jambo moja aliliona mapema. Kila alipofungua tovuti yake, juu kabisa simu iliandika: "Si salama." Alimuuliza Abbasi.

"Hayo ni mambo ya simu, mama, zina woga," Abbasi alimjibu. "Ile alama ya kufuli pale juu ni ya mabenki. Wewe unauza nguo."

Kuruthumu akanyamaza.

*

Siku moja ya Jumatatu, saa nne asubuhi, simu yake iliita. Sauti ya mwanamke, kavu.

"Wewe ndiye Kuruthumu mshonaji?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mimi naitwa Siti. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibondo. Nilikuandikia wiki tatu zilizopita. Nilikuandikia wewe peke yako. Umemwambia nani?"

Kuruthumu alimkumbuka mara moja. Mwalimu Siti alikuwa ameandika: *Nina miaka sita sijakaa kwenye kiti cha watu bila kuogopa. Nitumie sita. Usiandike kitu juu ya mfuko.* Alikuwa amemtumia zile sita, ndani ya mfuko mtupu wa kaki, kwa basi la asubuhi.

"Sijamwambia mtu, mwalimu. Wallahi."

"Sasa mbona maneno yangu yanasemwa? Si habari yangu. Maneno yangu, neno kwa neno. Leo nimeingia ofisini nimekuta kiti changu kimetandikwa nailoni. Walimu wenzangu wamekaa, wanasahihisha madaftari, hakuna aliyeinua uso."

Mwalimu Siti akakata simu.

Jioni ile Hilali, kaka yake mkubwa, alikuja. Hilali ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya wageni, na neno lake lina uzito pale mjini. Habari ilikuwa imeshamfikia kutoka Kibondo kwa madereva wa malori.

"Nilikwambia tangu mwanzo," alisema, bado amesimama. "Mambo ya wanawake hayaandikwi. Ifunge hiyo tovuti. Kila mwenye shida yake aje aseme kwa mdomo, kama zamani."

"Zamani nilikaa miaka minane sijasema kwa mdomo, kaka. Ulikuwepo."

Hilali akakohoa.

"Mtu amevunjiwa siri yake na mlango ulikuwa wangu," Kuruthumu akasema. "Nikifunga, huyo aliyechungulia atakuwa amewafukuza wanawake wote kwa siku moja. Sifungi. Nitajua kwanza amechungulia wapi."

*

Abbasi hakumsaidia. Alisema haiwezekani, labda maneno yametoka kwa mtu wa nyumbani kwake, labda kwa kondakta wa basi. Kuruthumu akamwambia kwamba nyumbani anaishi peke yake na kwamba kondakta alibeba mfuko, hakubeba maneno.

Alhamisi ilikuwa zamu yake ya kupeleka mzigo Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, kwenye kituo cha wanawake cha shirika moja lililokuwa likinunua kwake. Alikuwa na kibali cha siku hiyo. Pale kituoni alifanya kazi Prudence, Mkongo wa Uvira, ambaye kwao alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo, kabla vita havijamtoa. Walifahamiana kwa kuhesabu mizigo tu. Siku hiyo, kabla hawajafungua hata mfuko, Kuruthumu alimweleza yote.

Prudence alichukua simu, akafungua tovuti, akatazama juu.

"Oh, mama," alisema. "Haina kufuli. Iko wazi. Iko wazi kabisa."

"Wazi vipi? Fomu inakuja kwangu. Hakuna mwingine anayeifungua."

"Ngoja nikuonyeshe. Usiniamini kwa maneno."

Akaiwasha kompyuta ya ofisi, akaifanya itoe intaneti, akaunganisha simu ya Kuruthumu kwenye hiyo intaneti. Akamwambia akae upande wa pili wa chumba, aandike kitu chochote kwenye fomu yake na akitume. Kuruthumu akaandika jina la mama yake mzazi, marehemu, jina ambalo pale kambini hakuna aliyelijua.

"Zaitun," Prudence akasoma kwenye kioo cha kompyuta. "Zaitun binti Athumani. Ni nani?"

Kuruthumu anasema alihisi kama mtu amemvua ushungi.

"Unaona," Prudence alisema, kwa upole sasa. "Huyu mwalimu akikuandikia, maneno yake hayaruki moja kwa moja mpaka kwako. Yanapita kwanza kwa mwenye intaneti aliyoitumia, kisha kwa mwingine, na mwingine, mpaka yafike. Kwenu munatuma barua kwa basi, siyo? Hii yako ni karatasi imekunjuliwa, kondakta anaishika mkononi. Akitaka kusoma, anasoma. Akitaka, hata anaongeza neno lake, anaandika namba yake ya simu mahali pa namba yako, na mteja anamtumia yeye pesa."

"Na yenye kufuli?"

"Yenye kufuli, maneno yanasimbwa palepale ndani ya simu yake, yanageuzwa fujo tupu, na yanafunguka tu yakifika kwenye tovuti yako. Kondakta anabeba, lakini hajui anabeba nini. Anaweza kuona tu kwamba mzigo unakwenda kwa Kuruthumu. Hiyo sitakudanganya, jina la tovuti anaweza kuliona. Ndani hapana."

"Abbasi alisema ni ya mabenki."

Prudence alicheka, bila furaha. "Benki inaficha pesa. Ninyi munaficha nini pale? Mwili wa mtu. Kipi kikubwa?"

Kisha akamuuliza swali ambalo Kuruthumu hakuwa amelifikiria: mwalimu Siti alikuwa ameandika akiwa wapi, kwa intaneti ya nani?

Kuruthumu akatuma ujumbe Kibondo palepale. Jibu lilichelewa, likaja fupi. *Kwenye intaneti kafe ya Mansuri. Bando langu lilikuwa limeisha.*

*

Kesho yake Kuruthumu alifika ofisini kwa Abbasi saa mbili, akavuta kiti, akakaa.

"Nimekuja kuweka kufuli."

Wateja wawili waliokuwa pale wakacheka kichinichini, kwa maana siku hizi vijana wakisema kufuli wanamaanisha chupi, na kila mtu mjini alijua mama huyu anashona nini. Kuruthumu akawageukia.

"Hizo ninazo tayari, za saizi zote," akasema. "Mkitaka semeni. Sasa nazungumzia tovuti."

Abbasi akaanza kueleza kwamba cheti cha usalama, kile kinacholeta kufuli, ni gharama, kinaagizwa nje, laki nne na nusu kwa mwaka, tena kinachukua wiki mbili.

"Kipo cha bure," Kuruthumu alisema. "Kampuni unakoihifadhi tovuti yangu inakitoa. Nimeambiwa na mtu anayejua, na ameniandikia hatua." Akaweka karatasi ya Prudence mezani. "Kama kazi yako inahitaji ujira, nitakulipa ujira wa mikono yako. Kwa cheti cha bure sikulipi."

"Leo nina kazi nyingi, mama."

"Fanya. Nitakungoja hapa."

Alikaa. Saa tatu ikapita. Kila mteja aliyeingia alimsalimia, na kila aliyeuliza anangoja nini alimweleza, bila kupandisha sauti: tovuti aliyotengenezewa na ofisi hii iliacha maneno ya wateja yasomwe na wapita njia, na leo inarekebishwa. Mteja wa nne alikuwa mwenye famasi, ambaye naye alitengenezewa na Abbasi. Alipousikia mkasa, alitoa simu yake mfukoni, akafungua tovuti ya famasi, akatazama juu, kisha akamtazama Abbasi.

Abbasi akaisogeza kompyuta mbele.

Dakika arobaini zikatosha. Kuruthumu akampigia Prudence, wakahakikisha pamoja, hatua kwa hatua: anayeandika anwani ya zamani apelekwe kwenye yenye kufuli bila kuulizwa, picha moja iliyokuwa bado inakuja kwa njia ya wazi irekebishwe, na cheti kijihuishe chenyewe kabla hakijaisha muda. Mwisho, Prudence akasema jumbe zote za zamani ambazo mizigo yake imeshafika zifutwe. "Kitu usichokitunza," alisema simuni, "hakuna wa kukuibia."

Abbasi alipomaliza alikuwa amelowa jasho. "Nisamehe, mama," alisema. "Nilijifunza kutengeneza zionekane nzuri. Hili nililiona ni pambo."

"Mimi siye wa kwanza kuombwa msamaha," Kuruthumu akamjibu. "Anza na orodha ya wateja wako. Wapigie wote leo." Akamlipa ujira wake, akaenda kukata tiketi ya Kibondo.

*

Mwalimu Siti alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Mwakeye, mwalimu," Kuruthumu alisema, akapiga makofi taratibu kama wafanyavyo Waha kwa mtu wa heshima.

"Mwakeye."

"Nimekuja kusema kosa ni langu. Sikumwambia mtu, lakini nilifungua mlango nikasahau kuuwekea komeo. Nilikuwa nimeonywa na simu yangu mwenyewe, nikanyamazishwa, nikanyamaza."

Kisha akaeleza, pale pale mlangoni, kwa mfano wa basi na kondakta. Siti alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kuzoea kusikika darasa zima.

"Kwa hiyo ni Mansuri," alisema.

"Maneno yalipita kwake. Mengine sijui."

"Mimi najua. Anakunywa kahawa na mwalimu wa michezo." Siti akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Twende."

"Mwalimu, si lazima. Naweza kwenda peke yangu."

"Maneno ni yangu," Siti alisema. "Nitayafuata mwenyewe."

Intaneti kafe ya Mansuri ilikuwa na kompyuta sita na mashine ya fotokopi. Palikuwa na watu watano. Mansuri, mtu wa makamo mwenye kofia safi, aliwaona wakiingia na uso ukambadilika.

Siti hakupoteza wakati. "Ulisoma niliyoandika hapa mwezi uliopita?"

Mansuri aliangalia wateja wake. "Mimi ninaweka programu ya kuangalia mtandao, mwalimu. Watu wanapakua sinema, bando linaisha. Lazima nijue nani anafanya nini. Kama kitu kimepita wazi mbele ya macho yangu..."

"Ulisoma?"

"Mtandao ni wangu."

"Kompyuta ni yako, kiti ni chako, umeme unalipia wewe," Siti alisema. "Maneno ni yangu. Na uliyachukua ukaenda kuyanywea kahawa."

Hakuna aliyekuwa akichapa tena mle ndani. Mansuri akajaribu kutabasamu. "Ukiandika mambo yako hadharani, dada yangu, usilaumu wenye macho."

Hapo Kuruthumu akavuta kiti mbele ya kompyuta iliyokuwa tupu, akafungua tovuti yake. "Haya," alisema. "Washa hiyo programu yako. Naandika hapa mbele yako, kwa mtandao wako. Kisha utusomee sote."

Aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, kwa vidole viwili, midomo ikitikisika kidogo, kama mtu anayeandika barua ya ukweli. Akatuma. Mansuri aliinama kwenye kompyuta yake ya kaunta. Akabonyeza, akashuka, akapanda. Kijana aliyekuwa akifotokopi vyeti akaja kuchungulia begani kwake, akasema, "Mbona ni herufi tu? Kama paka amekanyaga kibodi."

"Inasema nini?" Siti akauliza.

"Inaonyesha jina la tovuti," Mansuri alisema polepole. "Halafu... hakuna kitu."

"Soma hicho hakuna kitu."

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka Siti.

"Umeandika nini?" Mansuri akamuuliza Kuruthumu. Hakuweza kujizuia.

"Hayakuhusu."

Siti alisogea mpaka kwenye kaunta. "Nchi hii ina sheria ya taarifa za watu," alisema. "Naweza kuanzia polisi leo. Au Jumatatu saa moja na nusu uje shuleni, kabla walimu hawajaingia madarasani, useme ulichofanya. Uchague."

Mansuri alikuja Jumatatu. Kuruthumu hakuwepo, lakini Siti alimsimulia. Alisema sentensi tatu, kofia mkononi: kwamba alisoma barua isiyo yake, kwamba aliisema nje, na kwamba aibu ile ni yake. Walimu wakainamia madaftari kama walivyoinama siku ya nailoni. Ndipo Siti akasimama.

"Ninaumwa fistula," akawaambia. "Sasa mmeisikia kutoka kwangu, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, siku niliyotaka mimi. Aliyetandika kiti changu namjua. Nitaendelea kukikalia."

Akakaa.

*

Si kila kitu kilirudi. Baada ya habari ile, jumbe zilikatika karibu miezi miwili. Kuna wanawake ambao Kuruthumu aliwapigia mmoja mmoja kuwaeleza yaliyotokea, na wengine wao walikata simu waliposikia jina lake. Hakuwalaumu. Aliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti, kwa maneno yake mwenyewe: kwamba mwanzoni haikuwa na kufuli, kwamba mtu aliumia kwa sababu hiyo, na kwamba sasa inalo. Abbasi alimsihi aondoe, akisema hakuna mfanyabiashara anayejitangazia kosa. Hakuondoa. Aliongeza mstari: *Kufuli hili halikuhakikishii kwamba mimi ni mtu mwema. Waulize walionunua. Linakuhakikishia tu kwamba tukizungumza tuko wawili.*

Siti alikwenda kufanyiwa upasuaji wakati wa likizo ndefu. Ulishika. Hajaagiza tena, na Kuruthumu hajawahi kufurahia kumpoteza mteja kama alivyofurahia kumpoteza huyo.

Prudence alianzisha darasa kituoni, Jumanne na Alhamisi, la kuwafundisha wanawake wenye biashara ndogo jinsi ya kutazama juu ya kioo kabla ya kuandika jina lao popote. Kuruthumu anaingia kila anapopata kibali. Anakaa mstari wa mbele.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake nikipunguziwa sketi, Hilali akaingia. Alikuwa ameshika simu kwa mkono ulionyooka, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Wageni wangu wanaandika namba za vitambulisho vyao humu, kwenye tovuti ya nyumba ya wageni," alisema. "Leo mzungu mmoja wa shirika kanionyesha hapa juu. Imeandikwa si salama." Akamsogezea dada yake simu. "Ile yako ulifanyaje?"

Kuruthumu hakuinua uso kutoka kwenye sindano.

"Kaa kitako, kaka," alisema. "Kuna mtu mbele yako. Nimalize pindo lake."

Na Hilali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya wageni, akakaa kwenye kigoda kati ya marundo ya pamba na vitenge, akangoja zamu yake.